Waliokuja Kutuuliza Habari Zetu

Mhariri ameomba makala ya historia itakayotufaa sisi tuliokwisha kutoka shuleni pamoja na vijana ambao leo wanakalia madawati yetu. Nimechagua habari za wasomi waliofika Masasi na Newala kutuuliza maswali: tumetoka wapi, tunahamia wapi, nani anatutawala na kwa idhini ya nani. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne wa huku hueleza Vita vya Maji Maji na Azimio la Arusha bila kusita. Mwambie kwamba utawala wa Newala umeandikiwa kitabu kizima na profesa wa Marekani, atadhani unamtania. Kitabu hicho kipo, na vingine vipo, ila vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani na vimekaa katika maktaba za mbali.

Nimevisoma baadhi yake kwa miaka mingi, kimoja kimoja kila kilipopatikana. Liko jambo linalojitokeza tena na tena, hata pale ambapo mwandishi mwenyewe hakulikusudia. Kwa muda mrefu watu wa huku hawakuwa na njia nyingi za kumkataa mtawala, lakini njia ya kuhama walikuwa nayo sikuzote. Kura ya karatasi ilikuja baadaye sana, na miongoni mwa walioidai mapema walikuwamo watu waliokwisha kuhama.

Tuanze na neno ambalo wazee wengine hawapendi lisemwe hadharani, kwamba karibu sisi sote ni wageni hapa. Wamakua wa Masasi walivuka Ruvuma katika karne ya 19. Wayao nao walitoka ng'ambo. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja, akapitia Lindi na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa, lakini wakaweka makazi Masasi, chini ya milima ile ya mawe tunayoifahamu. Mwaka wa 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, na kazi ya misheni ikahamishiwa Newala kwa Matola, mkuu wa Kiyao. Basi mji wetu ulianza na watu waliong'olewa kwao, ukang'olewa tena kabla haujatimiza miaka kumi.

Wamakonde walikwisha kupanda juu ya uwanda. Anayeishi Newala hahitaji kuambiwa kwamba kule juu hakuna mto. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, akina mama walishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo tena ule mteremko, na hata baada ya mabomba hayo adha haikwisha. Mtu huchaguaje kukaa mahali pasipo na maji? Jibu ni vichaka vyake. Vilikuwa vizito kiasi kwamba wateka watumwa na Magwangwara hawakuona njia ya kupita.

Msomi wa kwanza ninayetaka kumtaja alisikia jibu hilo kwa namna ya hadithi. Karl Weule wa Jumba la Makumbusho la Leipzig alifika mwaka wa 1906, wakati majivu ya Maji Maji hayajapoa. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwaka uliotangulia. Alikuja na wapagazi wa Kinyamwezi, mashine ya kunasa sauti kwenye nta, mashine ya kupiga picha za sinema, na penseli alizowapa watu wachore walichotaka. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitoa kwa Kiingereza. Lugha yake humkera msomaji wa leo, maana mara nyingi alitutazama kama vyombo vya kuwekwa kwenye kabati la kioo. Lakini aliandika alichosimuliwa, na tumshukuru kwa hilo.

Alisimuliwa kwamba mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini karibu na Mahuta, akachonga sanamu ya mti, nayo usiku ikageuka mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia bonde jingine, mtoto wa pili naye hakuishi. Waliporudi juu vichakani, wa tatu akaishi. Ndipo wakawausia watoto wao wakae juu, mbali na maji makubwa. Weule aliiandika hadithi hiyo kama habari ya asili ya kabila. Mimi naisoma kama sheria ya makazi: mahali pakikuua, ondoka.

Sasa nifike kwa yule profesa wa Marekani, maana huyu ndiye ninayemheshimu zaidi. Jina lake J. Gus Liebenow. Alikaa Newala katika miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado yuko, akachapisha makala mwaka wa 1956 katika jarida kubwa la wanasayansi wa siasa wa kwao, kisha mwaka wa 1971 akatoa kitabu juu ya utawala wa kikoloni na maendeleo ya siasa kwa Wamakonde. Swali lake lilikuwa rahisi kulitaja na gumu kulijibu: serikali ikibadilisha mfumo wa kutawala watu kila baada ya miaka michache, wale watu hufanya nini?

Ili kumwelewa, kumbuka kwamba Wamakonde hawakuwa na mtemi wala mangi. Kila eneo dogo lilikuwa na mkulungwa wake, ambaye heshima yake ilitokana na kwamba jadi yake ndiyo iliyofyeka na kukaa pale kwanza. Urithi ulifuata upande wa mama, mpwa akimrithi mjomba. Mkulungwa hakuwa na askari wala jela. Akiwa mchoyo au mgomvi, watu hawakumpindua, walimhama. Kijana alichukua mke na jembe, akafungua kichaka kingine, na baada ya miaka yeye mwenyewe akawa mkulungwa wa mahali hapo.

Juu ya watu wa namna hii Mjerumani aliweka akida. Akida alikuwa mtu wa pwani au aliyefunzwa kipwani, kazi yake kodi na vibarua. Mwingereza alipokuja, Gavana Donald Cameron akaleta katika miaka ya 1920 siasa ya kutawala kwa kupitia wakuu wa jadi. Siasa hiyo huenda ilifaa Uhaya au Usukuma. Newala maofisa walizunguka wakitafuta machifu, wasipowaona wakawatwaa wakulungwa na kuwapa kazi ya uchifu. Mambo yalipokwama wakaweka maliwali, mtu mmoja juu ya tarafa nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaleta mabaraza na kuwataka watu wajifunze demokrasia ya mashinani, huku bwana shauri akiendelea kuamua yale makubwa.

Liebenow anaonyesha kwamba kila mfumo ulipokewa kwa namna ileile. Watu walitoa kodi walipobanwa, wakaitikia baraza, wakaenda zao. Katika macho ya raia akida, chifu wa kuandikwa na liwali walikuwa ndugu wa tumbo moja, maana wote waliteuliwa na mgeni na wote walidai fedha. Hapo profesa yuko sahihi kabisa. Ninachoona kimepungua ni kwamba alikaa sana na watu wa ofisini na kidogo na watu wa njiani. Wakati anahesabu vikao vya mabaraza, vijana wa Newala walikuwa wakiondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, na kwenda Nachingwea na Mtwara, ambako mpango wa karanga wa mwaka wa 1947 ulikuwa umeanzisha kazi za kung'oa misitu, kujenga bandari na kutandika reli. Mpango ulikufa mapema na reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Vijana hawakung'oka na reli. Walikwisha kuzoea kwenda.

Habari za watu wa njiani zilishughulikiwa na mwingine, Edward Alpers, aliyewahi kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1984 alitoa makala juu ya wahamiaji kutoka Msumbiji kuja Tanganyika kutafuta maisha bora, na kwa maoni yangu ingefaa itafsiriwe na kusomwa katika kila shule ya Mtwara. Mpaka wa Ruvuma ulikubaliwa na Mjerumani na Mreno mwaka wa 1886, lakini jamaa waliokuwa pande mbili za mto hawakuulizwa. Upande wa Mreno kulikuwa na kazi ya shuruti na pamba ya shuruti. Upande wa Mwingereza kulikuwa na kodi na unyapara, ila mshahara ulilipwa. Watu wakavuka kwa maelfu kwenda kukata mkonge, na tangu mwaka wa 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha manamba iliyoitwa SILABU. Wamakonde wa ng'ambo, wenye chale usoni, walidhihakiwa hata na Wamakonde wa huku na kuitwa Wamawia. Tukiandika historia ya uhamaji tuandike na dhihaka hiyo.

Tazama jambo lililotokea huko walikohamia. Mtu aliye mbali na kwao hutafuta wenzake wa kuzikana na kusaidiana. Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wakaanzisha vyama vya kusaidiana na vya ngoma. Katika vyama hivyo walijifunza kuchagua mwenyekiti, kutunza daftari na kumfukuza mweka hazina mwizi. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya Wareno, wakapigwa risasi; idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Kutoka vyama vile vya wahamiaji kikatokea chama cha siasa, MANU, ambacho kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuunda FRELIMO. Kwa hiyo demokrasia ambayo bwana shauri alikuwa akiihubiri barazani ilikuwa inaendeshwa na manamba jioni, baada ya kazi ya mkonge.

Kwa upande wetu habari za TANU ni ndefu na zinastahili makala yake. Itoshe kumtaja Lawi Nangwanda Sijaona wa Newala, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa vijana wa TANU. Uwanja wa mpira wa Mtwara mjini una jina lake. Mwaka wa 1965 wananchi walichagua wabunge chini ya chama kimoja, mgombea mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, na hata mawaziri wakaangushwa. Lionel Cliffe na wenzake waliuchambua uchaguzi huo katika kitabu cha mwaka wa 1967. Wanafunzi wanaodhani kwamba enzi za chama kimoja hapakuwa na ushindani wakisome.

Halafu ikaja vita. Tangu Septemba 1964 hadi 1974 FRELIMO ilipigana na Mreno, makao yake ya mafunzo yakiwa Nachingwea. Wakimbizi walivuka kuja kwetu, na vijiji vya mpakani vilionja mabomu. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mkoa wa Mtwara utangulie mikoa mingine kuwakusanya watu katika vijiji: ilikuwa rahisi zaidi kuwalinda wakiwa pamoja. Operesheni ya nchi nzima ilipofika mwaka wa 1974, huku kwetu wengi walikwisha kuhamishwa.

Kuhamishwa si kuhama, na hapa ningependa kijana asome polepole. Mkorosho si muhogo. Hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kisha huzaa kwa miongo, mradi chini yake pafyekwe kila mwaka. Pasipofyekwa korosho huanguka majanini na moto wa kiangazi humaliza kazi. Mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani alijikuta anatembea saa kadhaa kuifikia mikorosho yake. Bei aliyopewa na wanunuzi wa serikali ilikuwa inapungua thamani. Basi akaiacha mikorosho porini, akalima chakula karibu na kijiji. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Frank Ellis, mchumi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka wa 1979 juu ya sababu za anguko hilo, na katika sababu hizo aliweka kuhamishwa kwa watu na bei. Ugonjwa wa ubwiri unga nao ulikuja ukamalizia, hadi watafiti wa Naliendele walipofundisha kupuliza salfa.

Wapo waliosema mkulima wa kusini ni mvivu. Mimi nasema alifanya alichofanya babu yake. Nyumba haikuwezekana tena kuihamisha bila kibali, akalihama zao lenyewe.

Watoto wake walihama kweli. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Lindi na Mtwara walijaa Dar es Salaam wakitembeza bidhaa mikononi, na jina la machinga, linalosemwa kuwa limetoka kwa Wamachinga wa Lindi, likawa jina la kila mchuuzi wa nchi hii, awe ametoka Newala au Singida. Athumani Liviga na Rugatiri Mekacha waliwafanyia utafiti uliochapishwa na REPOA mwaka wa 1998. Ninawataja kwa furaha kwa sababu ni Watanzania, waliouliza kwa Kiswahili, na waliona katika uchuuzi ule njia ya kuukimbia umaskini, wakati askari wa jiji waliona uchafu wa barabarani. Mwaka huohuo Pekka Seppälä na Bertha Koda walihariri kitabu kuhusu kusini ambacho jina lake lenyewe linadai kwamba upembezoni wetu ulitengenezwa. Neno hilo ni zito. Pembezoni hapazaliwi. Hutengenezwa kwa reli iliyong'olewa na kwa kivuko cha Rufiji kilichowalaza abiria njiani hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka wa 2003.

Nisiwasahau walioandika juu ya dini, ingawa nitapita haraka. Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia pale Dar es Salaam, alieleza mwaka wa 1972 jinsi misheni ya Masasi, hasa chini ya Askofu Vincent Lucas, ilivyojaribu kuutia jando Ukristo. Felicitas Becker, katika kitabu cha mwaka wa 2008, alieleza jinsi vijiji vya kusini vilivyoingia Uislamu kati ya vita kuu mbili, mara nyingi kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, waliotaka heshima sawa na watu wa pwani waliowaita washenzi. Wote wawili wanaonyesha mtu wa kijijini akichagua, jambo ambalo maofisa wa kikoloni hawakulitegemea.

Sasa tufike kwenye vyama vingi. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi mwaka wa 1991, na takriban asilimia 77 wakataka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo sheria ikabadilishwa mwaka wa 1992. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, ulimpa urais mtoto wa Lupaso, wilaya ya Masasi, kwa asilimia 61.8. Benjamin Mkapa naye alikuwa mhamaji kwa njia yake: kutoka Lupaso kwenda Ndanda, Kigonsera, Pugu, hadi Makerere. Alirudi Lupaso kuzikwa mwezi Julai 2020.

Kuwa na Rais kutoka kwetu hakukumaliza hoja. Habari za kusafirisha gesi ya Mtwara kwa bomba kwenda Dar es Salaam ziliwasha hasira, na Januari 2013 Masasi ikaungua: ofisi na nyumba zikachomwa, watu wakafa. Mwezi Mei zamu ikawa ya Mtwara mjini. Sitetei moto wala risasi. Ninachokiona kama mwanahistoria ni kwamba safari hii watu walibaki mahali pao wakapiga kelele, kwa sababu kilichokuwa kinahama ni gesi. Novemba 2018 ikawa korosho tena. Wanunuzi walipotaka bei ndogo, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia maghalani. Wenye kununua kwa kangomba wakakamatwa, na wakulima wakasubiri malipo wakikumbuka mambo waliyokwisha kuyaona.

Na ng'ambo, tangu Oktoba 2017, watu wa Cabo Delgado wanakimbia tena vita, wengine wakielekea Ruvuma kwa njia zilezile za babu zao.

Kuna jambo moja ambalo sijalikuta katika kitabu chochote kati ya hivi. Mnada wa korosho huanza Oktoba. Uchaguzi mkuu nao, tangu 1995, umekuwa ukifanyika Oktoba, isipokuwa ule wa 2005 uliofanyika Desemba. Ni mwezi ambao machinga na bodaboda wa Dar es Salaam hurudi Newala na Masasi kusaidia kuokota, kula mabibo na kudai sehemu yao ya malipo. Lakini tangu lilipokuja Daftari la Kudumu, mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Aliyejiandikisha Temeke yuko shambani Kitangari siku ya kura; aliyejiandikisha Kitangari amebaki Kariakoo akilinda meza yake. Klabu ya historia ya shule ikitaka kazi, ianze na nyumba 30 zilizo karibu na uzio wetu, iandike kwa kila moja nani yupo, nani ameondoka, ameondoka mwaka gani, na jina lake liko katika daftari la wapi.